Uliza Mara ya Pili

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Andiko kuu: Mwanzo 40:1-8. Soma pia 1 Wafalme 19:1-18.

Bwana asifiwe, wapendwa! Bwana asifiwe tena!

Najua hata wewe unayesoma karatasi hii nyumbani umeitika "Amina." Ndivyo tulivyozoea. Mtu akitaja tu Bwana asifiwe, mdomo unajibu wenyewe kabla moyo haujasikia ameulizwa nini. Na si kanisani peke yake. Angalia salamu zetu. "Habari?" "Mzuri." "Uko sawa?" "Niko sawa." Kiswahili chenyewe kinatuambia "Hujambo?", yaani huna jambo, si ndiyo? Nawe unajibu "Sijambo." Jibu limeshawekwa ndani ya swali. Aliye na jambo atapita wapi?

Sisi watu wa kanisa tumeongeza utakatifu kidogo. Hatusemi "niko sawa" tu. Tunasema "niko sawa kwa neema ya Mungu," au "nimebarikiwa, mchungaji." Sasa niambie, ni nani atamwuliza swali la pili mtu aliyekwisha kusema amebarikiwa?

Leo sitahubiri juu ya mafanikio. Nitahubiri juu ya swali moja lililoulizwa asubuhi moja ndani ya jela, na aliyeuliza alikuwa mfungwa. Lakini kabla ya kufika huko kuna jambo langu ambalo sina budi kuliungama.

VITI VYA FUNDI

Miaka mingi iliyopita, kabla sijaletwa hapa, nilichunga kanisa dogo la mabati. Tulikuwa na ndugu mmoja seremala. Sote tulimwita Fundi. Mimbari niliyokuwa nikihubiria aliitengeneza yeye, na hakutaka malipo. Kila Jumapili alifika kabla ya mtu yeyote, akapanga viti, akafuta vumbi, akaketi nyuma karibu na mlango. Nilikuwa namsalimia nikipita. "Bwana asifiwe, Fundi. Uko sawa?" Naye ananijibu, "Niko sawa kwa neema, mchungaji." Nami napita. Nina ibada ya kuendesha.

Jumapili moja, wakati wa shuhuda, kijana mmoja alisimama akilia kwa furaha. Alikuwa ameanza kujifunza useremala na hakuwa na kifaa hata kimoja. Akasema Fundi amemwita nyumbani, akampa randa yake, msumeno wake, patasi na nyundo. Zote. Bure. Kanisa zima lilipiga makofi. Nami nikachukua kipaza sauti nikasema, "Mmeona roho ya utoaji? Huyu ndugu ametoa mpaka kinachomlisha!"

Niliyasema hayo kwa kinywa changu. Seremala amegawa vifaa vyake vyote vya kazi, nami nikamfanya mfano wa kuhubiria. Sikujiuliza kesho atafanya kazi na nini. Sikujiuliza kama anatarajia kesho.

Alhamisi ya wiki hiyo alijitoa uhai.

Tulipofika nyumbani kwake ndipo mkewe akatueleza. Kazi ilikuwa imekauka. Kulikuwa na deni. Kwa karibu miezi miwili alikuwa halali. Anaamka usiku wa manane anakaa nje kwenye kigoda mpaka jogoo awike. Chakula anagusa kidogo anasukuma sahani. Na mama huyu hakuwa amenyamaza. Alimwambia kiongozi wa akina mama, "Mzee wangu halali." Akajibiwa, "Tutamwombea." Na kweli, wapendwa, tulimwombea. Jina lake lilisomwa kwenye kesha. Lakini hakuna aliyeenda nyumbani kwake.

Kisha tukafanya kosa la pili. Wazee wa kanisa walibishana kama mwili uingie kanisani. Wengine walisema aliyekufa hivyo hastahili. Nilikuwa kijana na niliogopa, nikakubali. Tukamwombea nyumbani haraka haraka, bila kwaya, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amezikwa. Viti vilivyokaliwa siku ile vilitoka kanisani, na sikukumbuka kuuliza ni nani aliyevipanga. Mwanawe mkubwa alisimama mbali kwenye ua wa nyumba. Hakurudi kanisani kwetu tena.

Sisemi haya ili mnihurumie. Nayasema kwa sababu wako akina Fundi humu ndani leo, na sitaki kupita tena.

ASUBUHI YA YUSUFU

Sasa fungua Mwanzo 40. Yusufu yuko gerezani kwa kosa ambalo hakulifanya. Ndugu zake walimuuza akiwa na umri wa miaka 17. Mke wa bosi wake amemsingizia. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "wacha kila mtu abebe shida zake," ni yeye.

Wanaletwa wafungwa wawili wakubwa, mnyweshaji wa Farao na mwokaji wake, na Yusufu anapewa kazi ya kuwahudumia. Usiku mmoja wote wawili wanaota ndoto. Asubuhi Yusufu anaingia kwao kama kawaida. Na hapo Biblia inatuonyesha kitu kidogo ambacho mimi nilikipita miaka mingi: aliwatazama. Akaona wana huzuni. Akawauliza kwa nini nyuso zao siku hiyo zimekunjamana.

Hebu fikiri. Jela! Mahali ambapo kila mtu ana sababu ya kununa. Nani anauliza mfungwa mbona umenuna? Lakini Yusufu aliuliza kuhusu siku hiyo. Maana yake alijua nyuso zao za jana zilikuwaje. Mtu hawezi kuona mabadiliko kwenye uso ambao hajawahi kuutazama.

Wakamwambia: tumeota ndoto na hakuna wa kututafsiria. Yusufu akawaambia kufasiri ni kazi ya Mungu, kisha akawaomba wamsimulie. Wakafungua mioyo.

Mwambie jirani yako: nitazame kabla hujanisalimia.

Kutokana na andiko hili nataka mbebe mambo matano.

1. TAZAMA USO

Kuna wahenga waliosema mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunapenda kumtupia methali hiyo mtu aliyenyamaza mpaka mambo yakaharibika. Lakini ni nani aliyemfundisha kuficha? Mwanamume akilia tunamwambia kaza roho. Dada akisema amechoka kuishi tunamwambia hana imani. Basi anajifunza kuvaa suti na kuja kanisani akitabasamu.

Kwa hiyo usingoje aseme. Tazama. Aliyekuwa mcheshi amenyamaza. Aliyekuwa hakosi ushirika wa nyumbani amekosa mara tatu, na simu hashiki. Halali, au analala mchana kutwa. Chakula hakimpandi, au ameanza kunywa pombe ambayo hakuwa akinywa. Hajali tena nguo zake wala biashara yake. Anakasirika kwa vitu vidogo. Anasema, "Nyinyi mngekuwa na raha bila mimi," kisha anacheka kama anafanya mzaha. Anagawa vitu anavyovipenda. Na wakati mwingine, baada ya kipindi kirefu cha huzuni, anatulia ghafla bila sababu yoyote. Mambo hayo yakiendelea kwa wiki mbili na zaidi, hiyo si siku mbaya tu. Huyo ni mtu anayehitaji msaada, tena upesi. Na ukisikia maneno ya kufa au ukiona vitu vinagawiwa, usingoje hata siku mbili.

Na msidhani ni jambo la wachache. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hufa kila mwaka kwa kujitoa uhai, na vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29 ni miongoni mwa wanaoathirika sana. Hapa Kenya, jopo lililoundwa na serikali lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Kijana wako anayefungia mlango kila siku akiwa na simu, usiseme tu ni ujana.

2. ULIZA, KISHA ULIZA TENA

Eliya alipokimbia kutoka kwa Yezebeli, alimwacha mtumishi wake Beer-sheba akaenda jangwani peke yake. Mtu akianza kuwaacha watu wake wa karibu nyuma, mfuate. Huko akaketi chini ya mti akaomba afe. Huyu si mtu wa imani haba, wapendwa. Huyu ndiye aliyeshusha moto Karmeli. Nabii wa moto, na bado aliomba afe.

Alipofika Horebu, Mungu alimwuliza anafanya nini pale. Eliya akajibu. Ukapita upepo, tetemeko, moto, kisha sauti ndogo ya utulivu. Na Mungu akamwuliza swali lile lile mara ya pili. Mungu anayejua yote! Hakuuliza kwa kuwa hakujua. Aliuliza ili Eliya apate nafasi ya kusema.

Jibu la kwanza la watu wetu ni salamu. Ukweli huja kwenye swali la pili. Kwa hiyo usimwulize mtu mlangoni mwa kanisa, watu ishirini wakiwa nyuma yake kwenye foleni. Hapo atakwambia amebarikiwa. Mtembelee. Tembea naye mkielekea stendi. Kaa naye akiuza mboga zake. Mwambie ulichokiona: "Ndugu yangu, nimeona wiki tatu huji kwenye mazoezi ya kwaya, na wewe hukosi. Kweli kweli, unaendeleaje?" Kisha nyamaza. Kimya kikija, usikijaze na mahubiri. Kiache kifanye kazi.

Na ukiona dalili nzito, uliza wazi: "Je, umefika mahali pa kuwaza kufa?" Wengi wetu tunaogopa swali hilo, tunadhani tutamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Wataalamu wa afya ya akili wanatuambia kuuliza hakupandi wazo hilo. Kwa mtu aliyelibeba peke yake, swali hilo ni kama kufunguliwa dirisha.

3. MKATE KABLA YA MAHUBIRI

Eliya alipoomba afe, mbingu zilimtuma malaika. Na malaika hakuja na somo juu ya imani. Hakumkemea. Alikuja na mkate na maji. Eliya akala, akalala. Malaika akaja mara ya pili, akamgusa, akamlisha tena, na akakubali kwamba safari ni ndefu kwake. Chakula, usingizi, mguso, tena chakula. Swali lilikuja baadaye.

Sisi tunaanza na nini? Tunaanza na "ushindwe!" Tunamwekea mtu mikono kichwani kabla hatujajua amekula. Msinielewe vibaya. Mimi ni mpentekoste, naamini katika kufunguliwa, na sitaacha kuombea wagonjwa. Lakini si kila huzuni ni pepo, kama vile si kila homa ni pepo. Kuna huzuni ambayo ni ugonjwa, una jina hospitalini na una matibabu. Ukimwambia mgonjwa huyo kwamba tatizo lake ni dhambi iliyofichwa, umemwongezea mzigo kwenye mzigo.

Yuko dada mmoja katika kanisa letu hili, amenipa ruhusa niseme bila jina. Alijifungua mtoto mzuri, tukaleta zawadi, tukaomba, tukaondoka. Baada ya hapo giza likamwingia. Akawa analia mtoto akilia, na wakati mwingine anamtazama mtoto na hasikii chochote. Aliona haya kusema. Mama gani hamfurahii mtoto wake?

Mama mmoja mtu mzima wa ushirika wake wa nyumbani, wale vijana wanamwita Shosho, alikwenda kumwona akiwa na pakiti mbili za unga na maziwa. "Uko sawa, mwanangu?" "Niko sawa, Shosho." Angeweza kuomba akaenda zake. Lakini alivua viatu, akachukua karai la nguo za mtoto, akaanza kufua. Akafua zote. Akazianika. Akapika uji. Ndipo akaketi akamwambia, "Hata mimi nilipomzaa wa tatu nililia miezi, na hakuna aliyejua. Wewe unalala usiku?" Dada huyu aliniambia, "Mchungaji, nilifunguka kama mfereji."

Siku ya pili Shosho alimbeba mtoto mgongoni, wakapanda matatu pamoja mpaka hospitali. Daktari akamweleza ni huzuni nzito inayowapata akina mama wengi baada ya kujifungua, na inatibika. Leo dada huyu anaimba kwenye timu ya sifa. Mkimwona, mwimbieni Mungu. Na mkimwona Shosho, mwambieni asante kwa zile nguo alizofua.

Jambo moja kabla sijaliacha hili. Ukiambiwa siri ya mtu, usiigeuze kuwa ombi la maombi. Mnanielewa? Tuna udaku mwingi uliovaa kanzu ya maombi. "Wapendwa, tumkumbuke dada fulani, mnajua hayuko vizuri kichwani..." Hiyo si maombi. Hiyo ni habari. Dada akisikia, hatafungua mdomo tena, na wote wanaomtazama watajifunza kufunga ya kwao. Kuna mtu mmoja tu wa kuvunja siri kwa ajili yake: yule anayeweza kuokoa maisha yake.

4. MSINDIKIZE, USIMTUME

Angalia Shosho hakusema "nenda hospitali." Alimbeba mtoto. Mtu ambaye akili yake imechoka hawezi hata kujaza fomu. Ukimtuma atasema ndiyo, na hataenda.

Hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina kliniki ya afya ya akili, na Nairobi tuna Mathari. Ukianza na kituo cha afya cha karibu, wataelekeza. Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye kwa simu, Msalaba Mwekundu wana nambari ya bure, 1199. Na mtu akikwambia wazi kwamba anapanga kujitoa uhai, usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa karibu naye vitu vya hatari, ita jamaa, ita wazee wa kanisa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usiseme nitarudi kesho baada ya kesha.

Daktari akimpa dawa, ameze dawa. Isimtoke mtu yeyote wa kanisa hili neno la kumwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani. Isaya alipoletewa neno la uponyaji wa Hezekia, bado aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Paulo alisafiri na Luka, na anamwita tabibu mpendwa. Mungu anayeponya kwa mkono wake ndiye aliyempa daktari elimu. Omba ukiwa umeshika kikombe cha maji ya kumezea dawa.

Na kuna hofu moja imewafunga wengi. Kwa miaka mingi sheria yetu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ilifanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa la jinai. Mtu alinusurika kifo, na badala ya mshauri akakutana na polisi. Familia zikaficha. Mwezi wa Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Sasa nauliza kanisa: ikiwa mahakama imeacha kumwona mtu huyo kama mhalifu, je, sisi tunaosema tuna moyo wa Yesu tutamfungia mlango? Mimi nilishafunga mlango huo mara moja. Katika kanisa hili, maadamu niko hapa, aliyekufa hivyo ataletwa ndani, ataimbiwa, na familia yake itaketi mbele kama wafiwa wengine wote.

5. NA YUSUFU ALIULIZWA NA NANI?

Nimeisoma sura hii mara nyingi nikitafuta mtu mmoja aliyemgeukia Yusufu akamwambia, "Na wewe je?" Sijamwona. Baada ya kumfasiria mnyweshaji ndoto, Yusufu mwenyewe ndiye aliyejisemea: akaomba akumbukwe, akaeleza kwamba aliibwa kutoka nchi ya Waebrania na kwamba hana kosa. Ni mara moja tu tunamsikia akilia shida zake kwenye jela ile. Na mnyweshaji akamsahau. Miaka miwili mizima.

Wako akina Yusufu kati yetu. Wanauliza wengine, wao hawaulizwi. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku. Mwalimu anayebeba shida za watoto hamsini. Kifungua mimba anayelipa karo za wadogo zake wote. Mama anayemtunza mzee aliyepooza. Mke wa mchungaji. Ndiyo, na mchungaji.

Baada ya mazishi ya Fundi nilikaa miezi kadhaa nikihubiri kwa nguvu na kurudi nyumbani mtupu. Hakuna mzee wa kanisa aliyeona. Aliyeona ni kijana wa boda boda aliyekuwa akinirudisha kutoka kesha. Tulipofika mlangoni akazima pikipiki akaniambia, "Pastor, siku hizi huimbi njiani." Nikamwambia nimechoka tu. Hakuwasha pikipiki. Akasema, "Si uchovu, Pastor. Nimekubeba mwaka mzima." Nililia pale barabarani nikiwa na Biblia mkononi. Kesho yake nilimtafuta mchungaji mwenzangu mzee nikamweleza yote, na ndipo nilipoanza kupona. Kijana yule hakuwa ameokoka. Lakini alikuwa amenitazama.

KWA WALIOULIZA, NA BADO WAKAFIWA

Siwezi kufunga bila kuwasemesha wachache walioketi humu wakiumia. Wewe uliuliza. Ulimpeleka hospitali. Ulikesha naye. Na bado alikwenda. Tangu asubuhi unasikia mahubiri haya kama hukumu.

Rudi kwenye sura ile. Wafungwa walikuwa wawili. Mnyweshaji alirudishwa kazini. Mwokaji alikufa siku ya tatu. Yusufu alimtazama kama alivyomtazama mwenzake, akamwuliza swali lile lile, akamsikiliza vile vile. Na hakuna mahali Mungu anamdai Yusufu damu ya mwokaji. Ulimpenda. Mungu aliona. Weka chini mzigo ambao si wako.

Na wewe uliyechoka kuishi, unayesoma hapa ukiwa peke yako: sikulaumu. Eliya aliomba kama wewe, na Mungu hakumpa alichoomba. Alimpa mkate, usingizi, na baadaye mwenzake, Elisha. Eliya alidhani amebaki peke yake, kumbe walikuwa wamebaki elfu saba. Fanya jambo moja leo. Mwambie mtu mmoja. Si lazima uanze na maneno mengi. Sema tu, "Siko sawa." Njoo ofisini kwangu, mlango uko wazi. Kama huwezi kuniambia mimi, piga 1199. Lakini usikae nalo usiku huu.

MAOMBI

Baba, utusamehe kwa watu tuliowapita tukikimbilia ibada. Utupe macho ya Yusufu asubuhi ile. Utupe subira ya kuuliza mara ya pili, na mikono ya kufua na kupika kabla ya kusema. Wape pumzi wanaosikia dunia imewaelemea. Uwaguse waliofiwa. Waponye wagonjwa wetu, kwa maombi na kwa dawa. Katika jina la Yesu. Amina.

KAZI YA WIKI HII, NA MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

Andika majina matatu kwenye kikaratasi: mmoja wa nyumbani kwako, mmoja wa kazini au jirani, na mmoja ambaye hujamwona kanisani mwezi huu. Kabla ya Jumapili ijayo, wafikie wote watatu. Si kwa ujumbe wa simu peke yake. Wafikie.

1. Ni nani kati ya watu wako wa karibu ambaye uso wake umebadilika, nawe umekuwa ukiona na kunyamaza?
2. Katika ushirika wetu, mtu akisema "siko sawa," huwa tunamjibu nini kwanza? Je, ni mkate au ni mahubiri?
3. Siri ya mtu hulindwaje kwetu? Kubalianeni kanuni moja na mwishike.
4. Ni nani anayeuliza kila mtu katika kundi letu na hakuna anayemwuliza yeye? Mwulizeni leo kabla hamjaagana.